KUKOSA MTOTO: MUME NA MKE WAPIMWE WOTE

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Ipogolo, Iringa. Wameoana miaka mitatu. Hawajapata mtoto. Majirani wanasema, "Mke ni tasa." Mume anataka kumrudisha kwao. Je, ni haki?

Ndugu msomaji, tujifunze kwanza. Mbegu ya mume hukutana na yai la mke ndani ya mrija wa uzazi. Kisha yai hilo hushuka na kukaa katika mji wa mimba. Mirija ya mke ikiziba, mbegu na yai havikutani. Mbegu za mume zikiwa chache au dhaifu, mimba pia haitungi. Kwa hiyo kasoro yaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

Nini huziba mirija? Mara nyingi ni kisonono kisichotibiwa, au vijidudu vinavyoingia wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika. Kisonono huweza kuziba mirija ya mwanamume pia.

Daktari Patrick Steptoe wa Uingereza alishughulikia tatizo hili miaka mingi. Alitumia chombo chembamba chenye taa kutazama ndani ya tumbo la mama bila kulipasua sana. Mwaka 1968 alianza kushirikiana na mtaalamu Robert Edwards. Muuguzi Jean Purdy aliwasaidia. Walishindwa mara nyingi, lakini hawakukata tamaa. Hatimaye walichukua yai la mama mwenye mirija iliyoziba. Walilikutanisha na mbegu za mumewe katika chombo cha maabara. Kisha walilirudisha katika mji wa mimba. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa mtoto msichana, Louise Brown.

Mwaka 2004 mtoto wa njia hiyo alizaliwa Uganda, kwa kazi ya Daktari Edward Tamale Ssali wa Kampala. Lakini gharama yake ni kubwa. Kinga ni nafuu zaidi.

Basi tufanye hivi:
1. Ukiona usaha au maumivu unapokojoa, nenda zahanati mapema. Mwenzako atibiwe pia.
2. Mama ajifungulie kwenye kituo cha afya.
3. Mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitali wote wawili.

Yule mume wa Ipogolo asimfukuze mkewe. Amshike mkono, waende kupimwa pamoja.

Maswali
1. Mbegu na yai hukutana wapi?
2. Kwa nini mume naye apimwe?