Pai ya Samaki Yenye Kifuniko cha Viazi

Katika nyumba za Uingereza kuna chakula ambacho mama hukipika siku ambayo samaki ni mchache na watoto ni wengi. Huitwa pai ya samaki, ijapokuwa hakina ule unga uliokandwa wa pai nyingine. Mahali pa unga huwekwa viazi vilivyopondwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya nchi hiyo ilianza kuwapimia watu siagi na sukari katika Januari 1940, lakini samaki na viazi havikupimwa muda wote wa vita. Hata hivyo samaki alikuwa adimu. Basi kipande kidogo kilitiwa katika mchuzi mzito, kikafunikwa viazi, na jamaa nzima ikala.

Vitu vyake vyote hupatikana Kenya. Viazi ulaya hulimwa Nyandarua, Molo na Meru. Samaki afaaye ni mwenye mnofu mwingi na miiba michache, kama nguru wa pwani, au mbuta, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Wengi wa kando ya ziwa husema kwamba ngege ni mtamu kuliko mbuta, wala hawakosei. Ila miiba yake humtaka mpishi awe na subira.

Kwa watu sita yatosha mnofu gramu 600, viazi kilo moja, maziwa nusu lita, siagi gramu 75, unga wa ngano gramu 50, kitunguu kimoja, na mayai mawili ya kuchemsha.

Samaki hupikwa katika maziwa pamoja na kitunguu na chumvi, kwa moto mdogo, dakika 10 hivi. Akiisha kuiva huopolewa, na maziwa huchujwa yakawekwa kando.

Hapa ndipo penye kazi isiyotaka haraka. Mtu alaye samaki mzima kwa ugali huupapasa mwiba kwa vidole kabla haujafika kinywani. Katika pai mwiba umefichwa na mchuzi na viazi, na mtoto hula kwa kijiko bila kuwa na shaka. Kwa hiyo mpishi hana budi kunawa mikono, kuuchambua mnofu wote kwa vidole kidogo kidogo, kisha kuupitia mara ya pili. Uma hautoshi kwa kazi hii.

Baadaye gramu 50 za siagi huyeyushwa, unga hutiwa, na vyote hukorogwa dakika mbili ili harufu ya ubichi iondoke. Yale maziwa humiminwa polepole huku mwiko ukizunguka; yakimwagwa yote mara moja, madonge hayatakosekana. Mchuzi ukiisha kuwa mzito hutiwa pilipili manga, samaki, na mayai yaliyokatwa, kisha huachwa upoe kidogo, kwa kuwa viazi vikiwekwa juu ya mchuzi wa moto huzama.

Viazi huchemshwa katika maji ya chumvi, humwagwa maji, kisha sufuria hurudishwa motoni kitambo kidogo ili unyevu ukauke. Hupondwa vingali moto, pamoja na siagi iliyobaki na maziwa kidogo. Hutandazwa juu ya samaki mpaka ukingoni, na uso wake huchorwa mistari kwa uma, maana ni ile migongo ya mistari inayogeuka rangi ya dhahabu.

Mwenye tanuri huoka nusu saa. Asiye nalo hutumia sufuria yenye mfuniko wa bati, akapalia makaa juu kama apikavyo wali, na kuacha makaa machache tu chini, kwa sababu kila kilichomo kimekwisha kuiva na ni uso tu unaotaka moto.

Mabaki yasilale mezani. Samaki na maziwa huharibika upesi katika joto, hasa pwani. Nyumba isiyo na friji na ipike kiasi cha kuliwa siku ile ile.