Skrini Nyeusi Baada ya Kupandisha Toleo la Ubuntu

Umeipandisha Ubuntu kutoka toleo la 22.04 hadi 24.04, ukasubiri vifurushi vishuke na kujipanga, kompyuta ikajizima na kuwaka tena, kisha kimya. Skrini nyeusi. Au nembo inayozunguka bila kukoma, au ukurasa wa kuingilia unaopokea nywila yako vizuri tu na kukurudisha palepale. Ukimpelekea fundi wa mtaani, kuna uwezekano mkubwa akakushauri afute diski yote na kusimika upya. Mwambie asubiri. Mara nyingi katika hali hii faili zako ziko salama, Linux yenyewe imewaka na inafanya kazi, na kilichokwama ni kipande kimoja miongoni mwa vile vinavyochora madirisha.

Kipande kipi? Jibu liko pale kompyuta ilipogota. Kwanza huamka GRUB, ambayo huchagua keneli ya kutumia. Keneli hupakiwa pamoja na initramfs, furushi la muda lenye draiva za kuifikia diski. Kisha systemd huamsha huduma za mfumo, ikiwemo GDM, bawabu anayekuomba nywila. Ukishaingia, GNOME ndiyo inayokufungulia eneo-kazi. Kwa hiyo ukiona maneno "Kernel panic" mwanzoni kabisa, shida iko kwa keneli au initramfs. Skrini ikizima baada ya nembo, shuku draiva ya kadi ya michoro au GDM. Ukirudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia, shuku akaunti yako au diski iliyojaa.

Sasa bonyeza Ctrl+Alt+F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu itabidi ushikilie na Fn. Ukurasa wa maandishi matupu ukitokea na kukuomba jina la mtumiaji, pumua: mfumo uko hai. Andika jina, kisha nywila. Nywila haitaonekana unapoiandika, hata vinyota havitatokea. Usidhani kibodi imekufa.

Amri ya kwanza iwe `df -h`. Inaonekana ya kijinga kwa tatizo kubwa hivi, lakini mimi huianza kila mara kwa sababu haichukui hata sekunde na diski iliyojaa huleta dalili za ajabu. GNOME inapofungua eneo-kazi lazima iandike faili ndogondogo; ikikosa nafasi hufunga na kukurudisha kwa bawabu, bila maelezo. Tazama mstari wenye alama ya `/` peke yake. Ukisoma asilimia 100, fungua nafasi:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M

Ya kwanza hufuta nakala za vifurushi vilivyokwisha kusimikwa, ya pili hupunguza kumbukumbu za mfumo. Zote mbili hazigusi kazi zako. Tazama pia mstari wa `/boot` kama upo; kwa waliosimika Ubuntu kwa diski iliyofungwa kwa siri, sehemu hii huwa imetengwa na ni ndogo. Ikijaa katikati ya kupandisha toleo, initramfs ya keneli mpya haikamiliki, na hapo ndipo "Kernel panic" ya kushindwa kuiona diski inapotoka. Dawa ni kuiwasha kompyuta kwa keneli ya zamani (nitaeleza namna hapo chini), kutoa keneli kuukuu kwa `sudo apt autoremove --purge`, kisha `sudo update-initramfs -u -k all`.

Diski ikiwa na nafasi, uliza swali la pili: je, kazi ya kupandisha ilimalizika kweli? Umeme ukikatika au bando likiisha njiani, vifurushi hubaki nusu vimefunguliwa. Kwanza upate intaneti. Njia rahisi ni waya wa mtandao, au simu iliyochomekwa kwa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, ambayo Ubuntu huitambua yenyewe. Kwa Wi-Fi andika `nmtui` na ufuate menyu kwa mishale. Kisha, kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Amri ya mwisho isomwe kwa jicho kali kabla ya kukubali. Huonyesha orodha ya vitakavyoondolewa, na humo ukiona `gdm3`, `gnome-shell` au `ubuntu-desktop`, jibu n. Watu wengi wamepoteza eneo-kazi lao kwa kubonyeza y kwa mazoea. Kama limekwisha kuondolewa, `sudo apt install ubuntu-desktop` hulirudisha.

Bado giza? Mhoji bawabu. `systemctl status gdm` itakuonyesha kama anafanya kazi au ameanguka, na `journalctl -b -u gdm` itakuonyesha alichosema tangu kompyuta iwake. `systemctl get-default` inapaswa kujibu `graphical.target`; ikijibu `multi-user.target`, mfumo umeambiwa usijishughulishe na madirisha kabisa, na `sudo systemctl set-default graphical.target` humaliza hadithi. Aliyewahi kusimika eneo-kazi jingine, kama Xfce, anaweza kuwa na mabawabu wawili wanaogombea mlango. Amri `sudo dpkg-reconfigure gdm3` hukuruhusu kumchagua mmoja. Kuna pia `journalctl -b -p err`, inayoleta makosa yote ya safari hii ya kuwaka. Isikutie hofu moyoni: kompyuta isiyo na ugonjwa wowote nayo hutoa mistari myekundu kuhusu ACPI na Bluetooth. Tafuta majina unayoyafahamu sasa, yaani gdm, gnome-shell, nvidia.

Tumefika kwa NVIDIA, na hapa inafaa kukaa. Draiva ya kampuni hiyo haimo ndani ya keneli kama zilivyo za Intel na AMD. Ni moduli ya pembeni, na lazima ilingane na keneli inayotumika. Kupandisha toleo huleta keneli mpya. Moduli isipojengwa kwa ajili yake, kadi haina wa kuiendesha na skrini hubaki nyeusi. Kuthibitisha ni rahisi. Zima, washa, na mara moja bonyeza Esc (kwenye mashine za zamani zenye BIOS shikilia Shift) hadi menyu ya GRUB itokee. Ingia "Advanced options for Ubuntu" na uchague keneli yenye namba ndogo kuliko ya juu. Eneo-kazi likifunguka, umempata mwizi. Keneli ya zamani ikikosekana, simama juu ya mstari wa Ubuntu, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno `linux`, acha nafasi, andika `nomodeset`, kisha Ctrl+X. Picha itakuwa ya hovyo na nzito, lakini utaona. Badiliko hilo hudumu kwa kuwaka huko kumoja tu, kwa hiyo usiogope kulijaribu.

Ukiwa ndani, na intaneti ikiwa imethibitishwa, ondoa draiva na uirudishe:

sudo apt purge '^nvidia-.*'
sudo ubuntu-drivers install

Aliyepakua draiva mwenyewe kutoka tovuti ya NVIDIA kama faili la `.run` aanze na `sudo nvidia-uninstall`, kwa kuwa ile haisimamiwi na apt. Kisha kuna mtego wa Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka unaozuia moduli zisizoidhinishwa, unaonasa hata wazoefu. Wakati wa kusimika, Ubuntu inaweza kukuomba utunge nywila ya muda. Ukiwasha tena, hutokea ukurasa wa buluu wenye maneno "Perform MOK management". Asiyeujua huchagua kuendelea tu, na keneli huikataa moduli kimyakimya. Chagua "Enroll MOK", andika ile nywila, thibitisha. Baadaye `nvidia-smi` ikikuonyesha jedwali la kadi yako, draiva imekaa.

Pengine draiva ni nzima ila haielewani na Wayland, mfumo ambao GNOME huutumia kuchora madirisha. Kwenye ukurasa wa kuingilia, ukishachagua jina lako, kuna alama ya gia pembeni chini: ibonyeze na uchague "Ubuntu on Xorg". Kama hata ukurasa huo hauonekani, rudi kwenye maandishi, fungua `sudo nano /etc/gdm3/custom.conf`, ondoa alama ya # mbele ya `WaylandEnable=false`, hifadhi, na uandike `sudo reboot`.

Kwa wanaozungushwa na nywila, mchujo mzuri ni kuunda mtumiaji mpya kwa `sudo adduser jaribio` na kuingia naye. Akipita, mfumo hauna kosa. Kosa liko ndani ya folda yako. Andika `ls -l ~/.Xauthority`. Faili hilo likiwepo na mmiliki wake akawa root badala yako, mara nyingi ni kwa sababu programu ya madirisha iliwahi kuendeshwa kwa sudo. Lirudishe kwa `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. Viendelezi vya GNOME ni washukiwa wengine: 22.04 ilikuja na GNOME 42 na 24.04 ina GNOME 46, na kati yao toleo la 45 lilibadilisha namna viendelezi vinavyoandikwa, kiasi kwamba vya zamani havipakiwi bila kurekebishwa na watunzi wake. Viweke kando bila kuvifuta:

mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/viendelezi-vya-zamani

Ctrl+Alt+F3 ikikataa kabisa, kwenye menyu ileile ya GRUB kuna "recovery mode", na ndani yake "root", inayokupa amri zote hizi bila madirisha. Huko andika kwanza `mount -o remount,rw /`, na huhitaji sudo. Hata hiyo ikishindikana, washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kuijaribu bila kusimika, na unakili nyaraka zako kwenye diski ya nje. Hapo ndipo fundi anaweza kuruhusiwa kufuta.

Eneo-kazi likirudi, andika `uname -r` kuona ni keneli ipi imekubeba, na usiendeshe autoremove mpaka ile mpya iwe imewaka vizuri mara kadhaa. Vyanzo vya programu vya watu wa nje huzimwa wakati wa kupandisha toleo. Virudishe kimoja kimoja, na kila mara uwashe upya kabla ya kuongeza kingine. Kama ofisini kuna kompyuta nyingine zilizobaki na 22.04, hakuna cha kuzikimbiza: toleo hilo linapata marekebisho ya usalama hadi 2027.