Kanu wa Milima ya Kilosa na Ndugu Yake wa Unguja

Kanu ni mnyama mdogo alaye nyama, mwenye mkia mrefu wa pete-pete, atembeaye usiku. Msafiri apitaye usiku katika barabara kuu ikatizayo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, huweza kumwona yule mwenye mabaka makubwa, wa miombo na vichaka. Huyo ni wa kawaida. Makala hii yamhusu mwingine, mwenye madoa madogo yaliyosongamana, ambaye makao yake ni misitu minene.

Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza, Norman Kinnear, alieleza nususpishi mpya, Genetta servalina lowei, kwa kutegemea ngozi moja tu, iliyopatikana na Willoughby Lowe huko Dabaga katika milima ya Udzungwa. Miaka 68 ikapita, hata mwaka 2000 kamera ijipigayo yenyewe ilipopata picha yake Udzungwa. Baadaye alionekana pia katika milima ya Uluguru, Nguru na Rubeho. Na sehemu ya Rubeho imo wilayani Kilosa.

Uzito wa habari hizi huonekana katika ramani. Kati ya Rubeho, Uluguru na Udzungwa zipo nyika za Mikumi na bonde la Mkata, ambako hakuna msitu mnene wa kumsitiri. Yaelekea, basi, kila safu ina kundi lake, na msitu wa safu moja ukifyekwa, itakuwa vigumu kwa wanyama wa safu jirani kuja kuziba pengo.

Unguja nayo imo. Mwaka 1998 Harry Van Rompaey na Marc Colyn walieleza nususpishi ya kisiwani, Genetta servalina archeri, ambaye wenyeji humwita ushombwe. Alipigwa picha akiwa hai Jozani mwaka 2003. Wenyeji, bila shaka, hawakuwa wameingoja kamera ili wamjue.

Hata hivyo, picha huonyesha mahali mnyama alipo. Haipimi fuvu wala haitoi chembe za urithi, navyo ndivyo vitenganishavyo nususpishi kwa uhakika. Kwa hiyo mzoga wa kanu ukutwao msituni au kando ya barabara una thamani kubwa. Aukutaye asiuguse kwa mikono mitupu, kwa kuhofia kichaa cha mbwa, bali atoe taarifa kwa ofisi ya misitu au wanyamapori iliyo karibu, akitaja mahali, tarehe na aina ya uoto uliopo.