Funza: Tibu Mguu na Sakafu kwa Pamoja

Kati ya Desemba na Machi mahindi huwa yameshavunwa, ardhi imekauka, na vumbi limejaa uani na ndani ya nyumba zenye sakafu ya udongo. Huu ndio wakati ambao funza hustawi. Kwa wakaazi wa Moi's Bridge, Matunda, Ziwa na vijiji vya kuelekea Kitale na Bungoma, ni wakati wa kukagua miguu ya watoto kila jioni. Makala haya yanaeleza funza ni mdudu wa aina gani, kwa nini hurudi hata baada ya matibabu, na ni hatua zipi kila boma linaweza kuchukua.

Funza ni nani?

Funza ni kiroboto mdogo mwenye urefu wa takriban milimita 1. Jina lake la kisayansi ni Tunga penetrans. Dume na jike hufyonza damu, lakini ni jike pekee anayeingia ngozini na kukaa humo. Hupenda vidole vya miguu, pembeni mwa kucha, kisigino na wayo, kwa kuwa makao yake ni mchanga na vumbi. Mtoto anayetambaa au kukaa chini anaweza kupata funza mikononi na makalioni pia.

Mwanzoni huonekana doa jekundu linalowasha. Katika wiki 1 hadi 2, jike hujaa mayai na kufura kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Hapo mtu huona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ni sehemu ya nyuma ya funza, anayoitumia kupumua na kutoa mayai. Baada ya wiki 4 hadi 6 tangu kuingia, hufa ndani ya ngozi.

Si laana

Wapo wanaoamini kwamba familia yenye funza imelaaniwa au ni wavivu. Historia inaonyesha vingine. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, ilimleta Ambriz, pwani ya Angola. Kutoka hapo alisafiri na misafara ya wafanyabiashara, wapagazi na askari hadi akafika Afrika Mashariki kabla ya mwaka 1900. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaweka magonjwa ya upele na ya wadudu wengine wa ngozini, funza akiwemo, kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Ni ugonjwa kama mwingine, na una kinga na tiba.

Aibu ndiyo inayofanya familia zifiche wagonjwa. Mtoto anayechekwa darasani huacha shule. Mzee asiyeweza kuinama kukagua miguu yake hukaa kimya mpaka ashindwe kutembea.

Kwa nini funza hurudi?

Hili ndilo swali ambalo familia nyingi huuliza. Mtoto ametibiwa, miguu imepona, lakini baada ya mwezi ana funza wengine.

Jibu liko sakafuni. Jike mmoja hutoa mayai zaidi ya 100, na mayai hayo huanguka chini mahali mgonjwa anapolala, anapokaa na anapocheza. Baada ya siku 3 hadi 4 huanguliwa. Viluwiluwi huishi kwenye vumbi na nyufa za sakafu, wakila uchafu uliomo. Katika muda wa takriban wiki 3 wanakuwa viroboto kamili walio tayari kuingia mguuni.

Kwa hiyo, siku ambayo mguu unatibiwa, kizazi kingine tayari kiko chini ya kitanda. Anayetibu mguu na kuacha sakafu anateka maji kwa gunia. Viatu husaidia sana, lakini havitoshi peke yake, kwa sababu watoto huvivua wafikapo nyumbani, na nyumbani ndiko funza aliko.

Madhara

Vidonda vya funza hufungua njia kwa bakteria. Mguu huweza kuvimba na kutoa usaha, kucha zikang'oka, na mgonjwa akapata hata pepopunda. Hatari nyingine ni sindano, pini au mwiba unaotumiwa kutoa funza kwa mtu mmoja kisha kwa mwingine. Kifaa hicho kinaweza kusambaza virusi vya homa ya ini aina ya B na vya Ukimwi.

Kutibu mguu

• Peleka mgonjwa kwenye zahanati, au mwite mhudumu wa afya ya jamii. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.
• Mafuta ya dimetikoni hupakwa juu ya nukta nyeusi, huziba njia ya hewa ya funza na kumuua. Mgonjwa hadungwi.
• Pale dimetikoni isipopatikana, wahudumu hutumia maji yenye pamanganeti ya potasiamu kuloweka miguu. Dawa hii ichanganywe na mhudumu, kwani ikizidi kipimo huunguza ngozi.
• Usipake mafuta ya taa, petroli, dawa ya kupe wa ng'ombe wala dawa ya kunyunyizia mimea. Hizi ni sumu.

Kutibu sakafu

• Nyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisitimke, kisha fagia chini ya vitanda na kwenye pembe za nyumba.
• Kandika upya sakafu iliyopasuka na uzibe nyufa zote. Mwenye uwezo aweke saruji. Katika kaunti za Kwale na Bungoma, watafiti wameweka sakafu ngumu kwenye nyumba za wanakijiji ili kupima jinsi zinavyopunguza funza na minyoo.
• Weka magunia ya mahindi juu ya mbao. Gunia lililo chini huzuia kufagia.
• Anika matandiko juani. Anayelala chini apatiwe kitanda, hata cha miti.
• Mbwa, paka, mbuzi na nguruwe pia hubeba funza. Kagua miguu yao na uwatengee mahali pa kulala nje ya nyumba.
• Kila mtu aoshe miguu kwa maji na sabuni kabla ya kulala, na kuikausha.

Jamii zilizo mbali

Somo hili lina uzito zaidi kwa familia zinazoishi mbali na zahanati, wakiwemo Ogiek wa Chepkitale katika Mlima Elgon na Wasengwer wa milima ya Cherangani. Ugonjwa huu hauchagui kabila. Unafuata sakafu ya vumbi, uhaba wa maji na umbali wa matibabu. Familia isiyo na uhakika wa makazi, kama vile vibarua wanaohama kutoka shamba moja hadi lingine, ni vigumu kugharamia saruji.

Kwa sababu hiyo, anayefika kwenye maboma hayo na dawa ya miguu pekee amefanya nusu ya kazi. Aombe ruhusa kwa wazee, asaidie kushughulikia sakafu siku hiyo hiyo, na asipige picha miguu ya watu kwa maonyesho.

Ratiba ya wiki 4

Wiki ya 1: tibu wote wenye funza katika boma siku moja, na ukandike sakafu siku hiyo.
Wiki ya 2 na ya 3: nyunyiza na ufagie kila siku, kagua miguu kila jioni. Funza akionekana angali mdogo, mwite mhudumu mara moja.
Wiki ya 4: mhudumu arudi kukagua watu, mifugo na nyumba.

Majirani wakifuata ratiba hii kwa wakati mmoja, funza hatapata mlango wa kukimbilia. Chifu, mzee wa mtaa au mwalimu mkuu anaweza kuipanga ratiba hii barazani pamoja na afisa wa afya ya umma wa eneo.