Usahihi wa Vifuniko Angavu vya Kunyooshea Meno

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, karibu na kijiji cha Bweni, umesimama mnara wa taa wa Rasi Mkumbi. Nahodha atwekaye tanga hapo wakati wa kusi, akikusudia mahali fulani pwani ya bara, huelekeza omo kusini kidogo ya mahali hapo, kwa sababu upepo na mkondo wa bahari humsukuma kaskazini. Tofauti kati ya mahali palipokusudiwa na mahali palipofikiwa ndiyo kipimo cha usahihi wa safari. Kipimo cha namna hiyo hutumika pia katika tiba ya kunyoosha meno.

Jino husogeaje?

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Mzizi wake umezungukwa na nyuzinyuzi zinazouunganisha na mfupa. Jino likisukumwa polepole, seli za upande unaobanwa humomonyoa mfupa, na seli za upande unaovutwa hujenga mfupa mpya. Hivyo jino huhama pamoja na shimo lake.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa hasa kwa waya. Mwaka 1997 kampuni ya Align Technology ilianzishwa Marekani, ikatengeneza vifuniko vya plastiki angavu viitwavyo Invisalign. Kompyuta huchora meno yalivyo na yatakavyokuwa, kisha safari hiyo hugawanywa katika hatua ndogo. Kila kifuniko hukusudiwa kusogeza jino kiasi cha milimita 0.25. Kwa hiyo mwendo wa milimita 2 huhitaji vifuniko 8. Kila kimoja kikivaliwa wiki 2, kazi huchukua wiki 16.

Kupima usahihi

Tofauti kati ya mwendo uliopangwa na uliopatikana hugawanywa kwa mwendo uliopangwa. Jibu hutolewa katika 1, kisha huzidishwa kwa 100. Ikiwa ulipangwa mwendo wa milimita 2 na ikapatikana 1, usahihi ni asilimia 50. Ikipatikana milimita 3, usahihi ni asilimia 50 vilevile, kwa kuwa kupita shabaha nako ni kukosea.

Mwaka 2009 Kravitz na wenzake walichapisha vipimo vya meno ya mbele ya wagonjwa 37. Wastani wa usahihi ulikuwa asilimia 41. Kuvuta jino nje ya ufizi kulikuwa na usahihi mdogo kuliko miendo yote, asilimia 29.6. Mwaka 2020 Haouili na wenzake walipata wastani wa asilimia 50. Maendeleo yapo, lakini picha ya kompyuta bado ni kusudio, wala si matokeo.

Sababu za upungufu ni hizi:

(a) Plastiki hulegea baada ya kuvaliwa, na nguvu yake hupungua.

(b) Chonge lina umbo la mviringo; kifuniko huteleza badala ya kulizungusha. Ndiyo maana daktari hubandika vinundu vidogo juu ya jino ili plastiki ipate pa kushika.

(c) Vifuniko hutakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kila siku, wengi hawatimizi.

Mafunzo yake

Daktari mwangalifu hufanya kama nahodha: hupanga mwendo uzidi kidogo pale anapotarajia upungufu, hukagua meno mara kwa mara, na huagiza vifuniko vipya njia inapopotoka. Jambo hili ni zito kwa mgonjwa wa Bweni, ambaye kwanza husafiri hadi Kilindoni, kisha huvuka bahari hadi Nyamisati ili kufika bara. Kabla ya kutoa fedha, yafaa aulize si bei ya vifuniko tu, bali pia idadi ya safari za ukaguzi. Vifuniko bila ukaguzi ni chombo kisicho na mshika usukani.

Zoezi

1. Chonge lilipangwa kuzungushwa digrii 20, likazunguka digrii 9. Tafuta usahihi.

2. Kwa nini ni vigumu zaidi kwa kifuniko kulivuta jino nje ya ufizi kuliko kuliinamisha?