Jicho Hupokea, Ubongo Hutambua: Umbo na Ulinganifu

Ukiulizwa "Eleza jinsi binadamu anavyoona", usiishie kwenye retina. Watahiniwa wengi hutaja konea, mboni na lenzi, kisha huweka nukta. Hiyo ni nusu ya jibu, na nusu ya alama.

Mtiririko kamili
1. Konea na lenzi hupinda miale ya mwanga ili ikutane kwenye retina.
2. Taswira inayopatikana ni ndogo na imepinduliwa, juu chini.
3. Seli za retina hugeuza mwanga kuwa msukumo wa neva.
4. Neva ya optiki huupeleka msukumo huo, nao hufika sehemu ya ubongo iliyo kisogoni.
5. Ubongo huunganisha taarifa hizo na kutambua umbo.

Hatua ya tano ilielezwa vizuri na David Hubel na Torsten Wiesel. Walichunguza ubongo wa paka wakaona kwamba baadhi ya seli husisimka kwa mstari wa wima, nyingine kwa mlalo, nyingine kwa ulioinama. Umbo hujengwa kutokana na vipande kama hivyo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Jaribio
Chora alama ya msalaba na, sentimita 7 kulia kwake, chora nukta nzito. Piga mstari mnyoofu unaopita katikati ya nukta na kuendelea pande zote mbili. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi polepole. Ikiwa umbali wa sentimita 25 hivi, nukta itatoweka, lakini mstari utaonekana mzima. Taswira ya nukta imeangukia doa pofu, mahali neva ya optiki inapotokea, pasipo na seli za kupokea mwanga. Ubongo umejaza pengo kwa kukisia.

Ulinganifu
Umbo lina ulinganifu ikiwa ukilikunja kwenye mstari mmoja, nusu zake hulaliana. Mstari huo ni wa wima katika herufi A, na ni mlalo katika herufi E. Kwa kawaida ubongo hutambua ulinganifu wa mstari wa wima haraka zaidi. Aidha, sehemu zinazolingana huchukuliwa kuwa za kitu kimoja, na hivyo kitu hutengwa kwa urahisi na vilivyo nyuma yake.

Tahadhari
Kukisia huko huweza kukuponza katika mtihani wa vitendo. Tazama jani dogo moja la mwarobaini: pande zake mbili hazilingani kwenye kitako. Hata hivyo, wanafunzi wengi hulichora likiwa na pande sawasawa. Chora kilicho mezani, si ulichozoea.

Swali
Mtahiniwa alichora jani lenye ulinganifu ingawa alilopewa halikuwa nao. Macho yake ni mazima. Eleza chanzo cha kosa. (alama 3)

Jibu
Retina ilipokea taswira sahihi (1). Msukumo ulifika kwenye ubongo kupitia neva ya optiki (1). Ubongo ulikamilisha umbo kwa kufuata mazoea, naye akachora alichokisia badala ya kupima kila upande (1).