SOMO LETU: MSHALE UNAODANGANYA

Katika kiwanda kimoja cha chai tulikuta mita ya zamani ya mshale iliyokaribia kuua mtu. Fundi aliigusisha kwenye waya, mshale ukabaki sifuri, naye akaamini umeme umekatwa. Kumbe umeme ulikuwapo. Mshale ndio uliokwama. Basi leo tujifunze kuitengeneza mita ya namna hiyo.

Ndani yake mna koili ndogo ya waya mwembamba, katikati ya sumaku. Umeme ukipita, koili huzunguka na kuupeleka mshale. Springi nyembamba kama unywele huurudisha sifuri.

1. Chomoa nyaya, toa betri, ilaze mita. Zungusha polepole skrubu iliyo chini ya mshale mpaka mshale ukae sifuri.

2. Kama kioo ni cha plastiki, kifute kwa kitambaa chenye unyevu wa sabuni. Plastiki ikisuguliwa kavu huuvuta mshale.

3. Ukizidi kukwama, fungua kifuniko juu ya karatasi safi, mbali na meza ya kusagia vyuma. Mara nyingi ni vumbi la chuma lililonaswa na sumaku. Linase kwa ncha ya utepe wa gundi. Usipulize kwa kompresa, usitie mafuta, wala usiitoe sumaku: itapungua nguvu na mita itasoma pungufu.

4. Jaribu koili. Ikiwa ni ya mikroampea 50, yaani sehemu moja ya 20,000 ya ampea, betri ya volti 1.5 ikiungwa moja kwa moja yaweza kuiharibu. Pitishia kwenye rezista ya omu 47,000. Mshale utapita nusu kidogo.

Kabla ya kushika waya wowote, pima kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha waya wenyewe, kisha rudi pale pa kwanza. Mshale usipopanda pale pa kwanza, hata mara moja, mita hiyo usiiamini.

Ndugu, ufundi wetu haumwondolei mwajiri wajibu wake. Mita nzima ni chombo cha usalama, kama glavu na buti. Iliyopasuka, au isiyofaa kwa swichibodi kuu, iandikieni barua, na mjumbe wa chama apewe nakala.

Maswali ya kujadili:
Kazini kwetu nani hukagua mita, na lini?
Fundi akikataa mita mbovu, nani atasimama naye?